Kiraka cha Moyo: Swali Lililoulizwa Miteja

Mwezi Julai, ufuta ukiwa umekwisha kuvunwa na kuuzwa mnadani, fedha hupita mikononi mwa watu wa Miteja kwa wiki chache, na wauzaji wa kila namna huteremka kwenye mabasi yaendayo Lindi. Tulikuwa kijijini hapo kwa siku mbili, tukipima shinikizo la damu na sukari. Jioni ya siku ya kwanza, foleni ilipokwisha, alibaki mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni tangu adhuhuri akiwapisha wengine. Miguu yake ilikuwa imevimba hata kandambili hazikumwingia. Alikuwa amezishika mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikuja kupimwa. Nimekuja kuuliza."

Alifungua mfuko akatoa kopo lenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, akaliweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Nimeambiwa humu mna seli shina, na kwamba seli hizo huotesha moyo mpya mahali pa ule uliochoka. Nyinyi mmesoma. Ni kweli au si kweli?"

Kopo hilo lilikuwa limemgharimu thamani ya magunia mawili ya ufuta, nalo lilikuwa la tatu. Muuzaji alikuwa amemshauri pia aache vidonge vyake vya presha ili visipigane na unga huo. Alikuwa ameviacha kwa wiki sita. Tulipomsihi hata akakubali kupimwa, mashine ilisoma 190 kwa 110.

Nilimjibu kwa haraka, kama ajibuvyo mtu ambaye gari linamsubiri, kwamba si kweli. Jibu hilo lilikuwa sahihi kuhusu kopo, lakini halikumtendea haki muulizaji. Msuli wa moyo unaoteshwa kweli siku hizi katika maabara, na vipande vyake vimekwisha kushonwa juu ya mioyo ya watu walio hai. Makala haya ni jibu refu nililopaswa kumpa mzee yule.

Tuanze na kwa nini moyo uliochoka haujitengenezi wenyewe. Ngozi ikikatwa huziba, mfupa ukivunjika huunga, ini likikatwa kipande hukua tena. Moyo, ambao hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, haufanyi hivyo. Chumba chake cha kushoto, kile kisukumacho damu mwilini kote, kina seli za msuli zipatazo bilioni mbili hadi tatu, na mshtuko mmoja mkubwa wa moyo unaweza kuua hadi bilioni moja kati ya hizo kwa muda wa saa chache. Mahali pa seli zilizokufa huota kovu. Kovu hushikilia ukuta usipasuke, lakini halisukumi damu. Shinikizo kubwa la damu hufika mahali hapohapo kwa njia ya polepole: msuli hunenepa kwa kubeba mzigo usio wake, kisha nyuzi zake hufa moja baada ya nyingine, na kovu huenea katikati yake kama magugu katika shamba lililotelekezwa.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba seli za msuli wa moyo hazizaliwi tena kamwe baada ya utoto. Jibu lenye takwimu lilipatikana mwaka 2009, na lilitoka mahali pasipotarajiwa: mabomu ya nyuklia. Majaribio ya mabomu yaliyofanywa angani kabla ya mwaka 1963 yalijaza hewa ya dunia nzima kaboni yenye mnururisho, na kaboni hiyo iliingia katika mimea, katika chakula, na katika seli za kila aliyekula. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, waliitumia kama tarehe iliyopigwa mhuri ndani ya kila seli. Waligundua kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo wake kwa mwaka, na mtu wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Kwa umri wote wa mwanadamu, nusu ya seli hizo haibadilishwi. Moyo hujaribu kujijenga, ila kwa mwendo ambao hauwezi kulipia hasara ya maradhi.

Wapo viumbe waliojaliwa zaidi. Kuna samaki mdogo mwenye milia wa mito ya Asia ya Kusini ambaye ukimkata sehemu ya tano ya chumba cha moyo wake, huirudisha yote kwa muda wa miezi miwili. Jambo hilo lilielezwa mwaka 2002, na tangu hapo maabara nyingi zimekuwa zikimfuga kwa hamu ya kujua siri yake. Sisi hatuna uwezo huo. Kwa hiyo wanasayansi walijiuliza kama seli za moyo zinaweza kutengenezwa nje ya mwili, kisha zikapelekwa mahali zinapohitajika.

Hapo ndipo yanapoingia maneno "seli shina". Kila mmoja wetu alianza kuwa seli moja. Seli hiyo ilijigawa, na katika siku za mwanzo kila seli iliyotokana nayo ilikuwa na uwezo wa kuwa chochote: ngozi, neva, mfupa, moyo. Kisha kila moja ilichukua kazi yake. Seli ya ngozi bado ina maelekezo yote ya kutengeneza moyo, kwa sababu jeni zake ni zilezile. Tofauti ni kwamba kurasa za moyo zimefungwa. Mwaka 1962, John Gurdon wa Uingereza alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai la chura lililoondolewa kiini chake, na likatoa viluwiluwi wazima. Chura aliyemtumia, tuseme kwa kupita tu, ni wa kwetu: ni yule chura mwenye makucha wa kusini mwa Afrika. Kurasa zilizofungwa zilionekana kwamba zinaweza kufunguliwa tena.

Iliwachukua watafiti zaidi ya miaka 40 kujua ni funguo zipi zinazohitajika. Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto, tabibu wa mifupa aliyeacha upasuaji akageukia maabara, aliorodhesha jeni 24 zilizodhaniwa kuwa na nguvu katika seli changa za kiinitete. Mwenzake Kazutoshi Takahashi aliziingiza zote kwa pamoja katika seli za panya, kisha akaanza kuondoa moja moja aone ni ipi ambayo kukosekana kwake kunaharibu kazi. Zilibaki nne. Jeni nne tu ziliirudisha seli iliyokomaa katika utoto wake. Matokeo ya panya yalichapishwa mwaka 2006 na ya binadamu mwaka 2007, na mwaka 2012 Gurdon na Yamanaka walishiriki Tuzo ya Nobel. Faida ya njia hii haikuwa ya kisayansi peke yake. Kabla yake, seli shina za aina hii zilipatikana kwa kuharibu viinitete, jambo lililoleta mabishano makubwa ya kidini na kimaadili. Sasa kipande kidogo cha ngozi, au mililita chache za damu, zinatosha.

Kutoka seli iliyorudishwa utotoni hadi msuli unaopiga kuna safari ya wiki kadhaa, na hii ndiyo sehemu ambayo mtu akiiona kwa macho haisahau. Seli hulazwa katika sahani, ndani ya maji yenye lishe, kwenye joto la mwili. Anayezilea hawezi kuziamrisha ziwe moyo. Anaweza tu kuziigizia mazingira ambayo zingeyakuta tumboni mwa mama, kwa mpangilio uleule. Katika siku za mwanzo huwekewa kemikali inayowasha ishara fulani. Siku chache baadaye huwekewa nyingine inayoizima ishara ileile. Ukichelewa kuizima, hupati moyo. Baada ya siku nane au kumi hivi, ukitazama kwa hadubini, kona moja ya sahani huanza kutikisika. Kesho yake kona nyingine. Kisha seli zinazogusana hupatana, na ukanda mzima hujikunja na kujikunjua kwa pamoja bila ya neva, bila ya damu, bila ya mwili.

Si seli zote zitakazotii. Baadhi hubaki katika utoto wake, na hizo ni hatari kwa sababu zikiingizwa mwilini zinaweza kuwa uvimbe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, wakiongozwa na Keiichi Fukuda, walipata njia nzuri ya kuzichuja: waliziondolea sukari na kuzipa laktati badala yake. Seli za msuli wa moyo zinajua kula laktati, kama moyo wenyewe ufanyavyo mtu anapokimbia. Nyingine hufa njaa. Zilizobaki huchanganywa na kolajeni na seli za kuunganisha, humiminwa katika kalibu, na huachwa zivutane kati ya nguzo mbili laini ili zipate mazoezi. Tishu inayopatikana ni nyeupe, laini, nayo hupiga. Hata hivyo, si moyo. Haina vyumba wala vali wala mishipa yake ya damu, na seli zake hufanana zaidi na za mimba kuliko za mtu mzima.

Je, kiraka cha namna hiyo kikiwekwa juu ya moyo mgonjwa kitafanya kazi? Jaribio lililowatia watu adabu lilitangazwa mwaka 2014 kutoka Seattle, Marekani. Charles Murry na wenzake walidunga seli za moyo za binadamu, takriban bilioni moja kwa kila mnyama, katika mioyo ya kima iliyojeruhiwa. Hizo zilitokana na viinitete, lakini somo lake ni lilelile. Seli ziliishi na kuungana na msuli wa mwenyeji. Pia zilivuruga mapigo. Kila seli changa ya moyo ina mdundo wake yenyewe, na kuiingiza katika moyo wa mtu mwingine ni kama kumwingiza mpiga ngoma mgeni katikati ya ngoma iliyokwisha kukolea: ataweza kufuata baada ya muda, lakini kabla hajafuata huharibu.

Mwezi Januari 2020, Yoshiki Sawa na timu yake ya Chuo Kikuu cha Osaka waliweka kwa mara ya kwanza utando mwembamba wa seli za moyo zilizotokana na njia ya Yamanaka juu ya moyo wa mgonjwa. Utando huo haukukusudiwa kusukuma damu wenyewe. Ulitarajiwa kutoa kemikali za kuhimiza mishipa mipya iote. Kundi la Göttingen, Ujerumani, chini ya Wolfram-Hubertus Zimmermann, lilikusudia jambo kubwa zaidi, yaani kuongeza msuli halisi. Januari 2025 lilichapisha habari za kima waliowekewa viraka, na pamoja nazo habari za mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa na moyo dhaifu sana. Mwaka 2021 alishonewa kiraka chenye seli zipatazo milioni 400. Miezi mitatu baadaye alipata moyo wa kupandikizwa, na ule wa zamani ukachunguzwa: msuli uliopandwa ulikuwa hai, na mishipa ya damu ilikuwa imeuingia. Kwa kuwa seli hazikuwa zake, ilimbidi ameze dawa za kupunguza nguvu za kinga ya mwili. Kiraka kilikuwa daraja la kumvusha mpaka moyo mwingine upatikane.

Msomaji aweza sasa kuliangalia lile kopo kwa jicho jingine. Seli ya moyo iliyo hai hutunzwa katika joto la mwili au hugandishwa katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Haiwezi kuwa unga mkavu. Na ingekuwa hai ndani ya kopo, tumbo lingeimeng'enya kama limeng'enyavyo nyama. Jina lake limekopwa kutoka maabara za Kyoto na kubandikwa juu ya kitu kingine kabisa, na kinachoniudhi zaidi ya bei ni ule ushauri wa kuacha vidonge.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba sayansi hii ni ya wenzetu. Sidhani hivyo, na sababu yangu si viraka. Matumizi yaliyo karibu zaidi na Miteja ni yale ya tishu kubaki sahanini.

Lindi ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi, na dawa za malaria zina historia ndefu na moyo. Kwinini na ndugu zake hugusa umeme wa moyo. Mfano mchungu ni halofantrini. Dawa hiyo iliua vimelea vizuri, lakini mwaka 1993 watafiti waliokuwa mpakani mwa Thailand na Myanmar walionyesha kwamba ilirefusha muda ambao moyo huchukua kujitayarisha kwa pigo linalofuata, kwa kuziba milango midogo ya potasiamu katika seli. Muda huo ukirefuka kupita kiasi, mapigo huvurugika na mtu aweza kufa ghafla, na vifo vya namna hiyo vilitokea. Dawa ilikuwa imekwisha kuenea madukani kabla tabia hiyo haijafahamika sawasawa.

Dawa mseto, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006, ina lumefantrini, na lumefantrini kwa umbo la kikemia ni ndugu wa halofantrini. Swali liliulizwa, kama lilivyopaswa kuulizwa, na vipimo vya umeme wa moyo kwa watu waliomeza dawa vilionyesha kwamba ndugu huyu hana tabia ile. Piperakwini nayo hurefusha muda huo kidogo. Uchambuzi wa takwimu za watu karibu 200,000 walioitumia ulipata kifo kimoja tu cha ghafla kilichodhaniwa kwamba huenda kilitokana nayo. Majibu haya yanatuliza moyo. Lakini angalia yalivyopatikana: kwa miili ya watu, baada ya dawa kumezwa.

Leo dawa mpya inaweza kudondoshewa juu ya msuli wa moyo wa binadamu unaopiga sahanini, na mdundo ukasomwa kabla ya mtu yeyote kumeza chochote. Marekani ilibadilisha sheria yake Desemba 2022 ili ushahidi wa namna hii uweze kutumika mahali pa majaribio ya wanyama. Hapo ndipo linapozuka swali lituhusulo sisi: msuli wa nani? Seli nyingi zilizomo katika hazina za maabara duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali wamezao dawa za malaria wengi wao wako huku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wametengeneza seli za namna hii kutokana na sampuli za Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na baadhi yao wakazigeuza kuwa seli za moyo ili kuona jinsi jeni zinavyotofautiana katika utendaji. Ni kazi nzuri. Lakini damu ilitoka Ibadan na sahani iko Chicago, na anayeshika sahani ndiye anayechagua swali la kuuliza.

Tunayo maswali yetu. Kuna ugonjwa wa moyo ambao utando wa ndani wa vyumba hugeuka kovu gumu. Ulielezwa Kampala na Jack Davies katika miaka ya 1940, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliukuta kwa karibu mtu mmoja kati ya watano huko Inharrime, katika pwani ya Msumbiji. Chanzo chake hakijulikani hadi leo. Kuna moyo unaotanuka na kudhoofika kwa mama aliyejifungua karibuni, maradhi yanayowapata wanawake wa Kiafrika zaidi ya wengi. Tishu iliyooteshwa kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe ni mahali pa kuanzia kuuliza, na mahitaji ya kuanzia, yaani chumba safi, kabati la joto, hadubini, naitrojeni na vijana waliofunzwa, hayalingani hata kidogo na gharama za kumshonea mtu kiraka. Tanzania imekwisha kujifunza kufanya kazi na seli shina za aina nyingine: upandikizaji wa uloto kwa wagonjwa wa selimundu umefanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Hata hivyo, mzee wa Miteja hakuniuliza kuhusu malaria. Aliuliza kuhusu moyo wake. Utafiti uliofanywa Muhimbili na Abel Makubi na wenzake, ukachapishwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Katika asilimia 45 chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Asilimia 28 walikuwa na maradhi ya msuli wenyewe. Asilimia 12 walikuwa na vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Na asilimia 9 tu walikuwa na mishipa ya moyo iliyoziba. Viraka vya Osaka na Göttingen vimebuniwa katika nchi ambazo hesabu hiyo imepinduka, ambako mishipa iliyoziba ndiyo inayoongoza. Kwetu sehemu kubwa ya msuli unaopotea ungeweza kubaki mahali pake kwa vidonge vinavyomezwa kila siku, na, kwa watoto, kwa penisilini.

Kila siku ni neno zito mahali kama Miteja. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilipobomoa madaraja ya Somanga, barabara ya Dar es Salaam ilikatika na magari yalilala pande zote mbili. Vidonge husafiri kwa barabara hiyo. Seli zilizogandishwa nazo, siku zikija, zitapita hapohapo.

Tulirudi zahanatini asubuhi ya siku ya pili. Mzee alikuwa amefika kabla yetu, na safari hii alikuja na binti yake. Tulimwanzishia tena vidonge vyake pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini, tukamwandikia rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, ili moyo wake uangaliwe zaidi. Binti aliuliza kama vidonge vinaweza kumezwa pamoja na futari mwezi wa Ramadhani utakapofika, tukazungumza juu ya saa za kumeza. Kisha mzee akalitoa lile kopo, akaniomba nimsomee maandishi madogo yaliyo chini yake, kwa kuwa yameandikwa kwa lugha asiyoijua. Yalisema kwamba bidhaa hiyo ni chakula, na haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote.

"Basi waliandika," alisema, akalifunika.